Mistari Myembamba

Mume wangu hakuwahi kuandika herufi nzima peke yake. Nalisema mapema kwa sababu yote yaliyotupata yalianzia hapo. Yeye alipiga mistari minene kwa brashi pana, mimi nikamfuata na brashi ya manyoya ya mbuzi kupiga ile myembamba, na hapo ndipo herufi iliposimama. Watu wa Jinja walidhani mimi ni mke tu aliyemletea fundi chai ya chupa. Niliwaacha wadhani hivyo, na zamu yangu niliipiga alfajiri kabla ya watu kutoka. Mwanamke wa Kiislamu anayepanda ngazi katikati ya mji husikia maneno ya kutosha bila kujitafutia mengine.

Maandishi yenyewe tuliyatoa kwenye kifuniko cha kopo la poda. Poda ilikuwa yangu, zawadi ya harusi, na ilipokwisha nilikataa kulitupa kopo kwa sababu ya zile herufi. Mume wangu alijifunza kazi kwa Mhindi mmoja mwandika vibao, akazoea herufi za vitabuni, zile zinazovaa viatu: kila mguu una kijiti chake cha kukanyagia. Za kwenye kopo zilikwenda pekupeku. Upande mmoja mnene kama mwimo wa mlango, upande mwingine mwembamba kama uzi wa kushonea. H ilikuwa nguzo mbili zilizoshikwa na uzi. A iliegemea mguu wake wa kulia, na ule wa kushoto uligusa chini kwa adabu tu. Alizitazama muda mrefu, kisha akasema, "Hizi si za kuandikia barua. Hizi ni za kuandikwa kubwa, mtu azione toka ng'ambo ya barabara." Tukaziita maandishi ya poda.

Shida ni kwamba kifuniko kilikuwa na herufi tisa tu. Nyingine zote tulizitunga wenyewe, nyumbani Mafubira, kwa chaki juu ya sakafu ya saruji, tukigombana. K ilitugombanisha siku mbili. Nilitaka mkono wake mwembamba usiiguse nguzo, uachwe upenyo kiasi cha punje ya mchele kupita. Yeye akasema herufi itaanguka. Nikamwambia basi ianguke, tuone. Tukaiandika ukutani, tukasogea nyuma hadi mlangoni, na haikuanguka. Alicheka, akaniambia, "Bibie, umeshinda, lakini usiwaambie watu." Toka siku ile K yetu ilikuwa na upenyo wake, na haikuwapo nyingine kama hiyo kokote.

Kisha Wahindi wakafukuzwa, na kazi ikatujia hata tukachoka. Maduka yalipata wenyewe wapya, na kila mwenyewe mpya alitaka jina la yule wa kwanza lifutwe. Tulipaka rangi nyeupe juu ya majina ya watu tuliowajua, watu walioninunulia peremende nilipokuwa mdogo, halafu tukaandika mengine juu yake. Sikupenda kazi ile. Nilimwambia mume wangu kwamba sipendi, naye akasema hata yeye hapendi, tukaendelea kupaka.

Mvua ndiyo iliyotuumbua. Ukuta ukilowa, rangi yetu nyeupe, ambayo ilikuwa hafifu, ilianza kuonyesha cha ndani, na majina ya zamani yakapanda polepole nyuma ya mapya. Ungepita barabara kuu wakati wa manyunyu ukasoma majina mawili kwenye duka moja, la mtu aliyepo na la mtu asiyekuwepo. Jua likitoka, la zamani lilirudi ndani. Jirani yetu Msoga, mwanamke asiyeogopa hata nyoka, aliniambia, "Nyie nafunika watu hawajakufa. Hiyo langi itawasema." Nilimcheka. Leo simcheki.

Miaka ilivyozidi kuwa mibaya ndivyo rangi ilivyoadimika. Sukari ilikuwa ya magendo, sabuni ya magendo, na rangi vilevile. Wakati huo akaja afisa mmoja wa jeshi aliyepewa baa ya Mhindi karibu na soko. Alitaka jina lake lote ukutani, jeusi juu ya nyeupe, toka kona hadi kona. Baa haikuwa kazi ya kumpendeza mtu anayeswali, lakini nani angemkatalia? Alileta kopo moja tu la rangi nyeusi. Mume wangu aliangalia kopo, akaangalia ukuta, akasema, "Afande, itatosha kidogo-kidogo." Afisa akasema, "Itatosha."

Mistari minene ililinywa lile kopo. Zamu yangu ilipofika kulikuwa na mabaki ya chini, mazito kama uji uliolala. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa ngazi akipangusa mikono. Nikamimina mafuta ya taa ndani ya kopo, nikaongeza masizi niliyokwangua kwenye sufuria ya chai, nikakoroga, nikapanda. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba mistari myembamba haihitaji rangi nyingi, na ukuta utaonekana vizuri, na kweli siku ile ulionekana vizuri. Afisa alisimama ng'ambo ya barabara akajisoma, akapiga makofi, akatupa kreti ya soda. Tulikunywa ile soda wiki nzima.

Masika yalipoanza, mistari yangu ikaoshwa.

Minene ilibaki, myeusi vilevile. Lakini herufi ya namna ile ikikosa uzi wake si herufi tena. Jina la afisa likawa safu ya nguzo, nguzo tu, hakuna anayeweza kusema hii ni nani. Nilipita pale asubuhi moja nikitoka sokoni, nikaona watu wamesimama wanatazama. Mzee mmoja alinong'ona kwamba ni kama makaburi yamepangwa. Nilikimbia nyumbani kumwambia mume wangu tuwahi kurekebisha, nikafika nikakuta amelala kwa homa, nikasema moyoni nitamwambia kesho.

Afisa hakungoja kesho. Unapaswa kujua hofu ya watu wale. Wiki ile maafisa wawili wenzake walikuwa wameitwa mahali na hawakurudi, na mtu anayejua jinsi wenzake wanavyofutwa huogopa sana kufutwa yeye. Aliyaona yale kama urogi. Alikuja mchana, gari likasimama mbele ya nyumba, nami nilikuwa nyuma, naosha brashi kwenye karai.

"Fundi! Jina yangu iko wapi?"

"Nitairudisha, afande. Ni rangi tu. Leo hii nitairudisha."

"Wewe naroga mimi. Wewe naondoa mimi kwa ukuta. Hii nyembamba nani nafanya? Nani nasaidia wewe?"

Hapo injini ya gari ikanguruma, sikusikia mume wangu alichojibu. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya karai na brashi mkononi, maji meusi yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Ningeweza kusimama. Hatua kumi zilitosha kunifikisha mbele ya nyumba. Sikusimama, na gari likaondoka naye. Nimeyasimulia haya mara chache sana maishani, na kila mara watu huniambia, ungefanya nini, wangekuchukua na wewe. Wanasema kweli, na kweli yao hainisaidii.

Nilimtafuta kila mahali ambapo mwanamke angeweza kutafuta. Kambini walinifukuza. Kituoni walisema hawamjui. Watu walipovuka daraja siku zile hawakutazama maji, kwa ajili ya maiti waliotupwa humo, nami nikajilazimisha kuyatazama, kila wiki, mpaka askari wa darajani akaniambia niache. Nikaenda kwa shekhe kuuliza kama nikae eda. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mtu asiyeonekana ni hai mpaka apatikane shahidi. Wewe bado ni mke. Subiri." Nikasubiri. Sikuwa mjane, wala sikuweza kuonyesha mimi ni mke wa nani. Kwenye harusi hawakujua wanikalishe wapi.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja, nami nilikijua vizuri: awe hai, nimwambie kwamba rangi ile niliichanganya mimi.

Vita vikaja. Tulisikia mizinga siku kadhaa kabla ya kuona mtu. Afisa alikimbia na gari lililojaa magodoro, na huku nyuma, kwenye baa yake, nguzo zile zilibaki ukutani, hakuna aliyethubutu kuzifuta. Wakombozi waliingia wakiongea Kiswahili kisafi hata tukaona haya kufungua midomo, sisi tuliokijua zaidi kwa amri na matusi. Magereza yakafunguliwa. Nilisimama kando ya barabara siku nne nikitazama wanaume waliokonda wakipita, nikimtafuta katika kila mwendo. Siku ya tano dada yangu aliyeolewa Mbale akatuma ujumbe: funga virago, njoo, huko utakufa na barabara.

Nilipanda lori la mahindi. Tulipofika Busiu dereva alisimama kuongeza gunia, na mbele yangu kulikuwa na ukuta wa kinu cha kusagia, umepakwa upya, na juu yake neno moja kubwa. Lilianza kwa K. Kati ya nguzo na mkono mwembamba palikuwa na upenyo wa punje ya mchele.

Nilipiga kelele asimame, na alikuwa amesimama, kwa hiyo kila mtu alinitazama kama kichaa. Nilipoanza kushuka akaondoa gari. Nikabaki nimeshika gunia, nywele zimenisimama. Ile rangi ilikuwa mbichi, bado inang'aa. Mistari minene ilikuwa ya mume wangu, na hilo peke yake ningelifurahia. Lakini ile myembamba ilikuwa yangu. Ilianza nilipoanzia mimi, ikainuka nilipoiinua mimi, na mimi sikuwahi kufika Busiu na brashi maishani mwangu.

Dada yangu aliniambia ni uchovu. Alikuwa akiuza chapati mtaani kwao, Malukhu, mwanamke wa vitendo, hana muda wa mizimu. Siku ya tatu alinituma unga, nikapita duka la mikate, na kibao chake kilikuwa cha maandishi ya poda: MIKATE, nyekundu juu ya nyeupe, na K katikati imeachwa upenyo. Niliingia ndani nikamkuta mwenye duka, Mgisu mmoja mwenye kofia ya viua.

"Kibao hiki kaandika nani?"

"Hiyo natoka gereza, mama. Huko iko fundi ya maandishi. Wewe napeleka ubao kwa afande wa mlango, siku ya tatu narudi nachukua. Nzuri, eh?"

"Fundi ni mfungwa?"

"Mimi sijui. Mimi naona ubao tu."

Gereza lenyewe sitalitaja, lilikuwa nje kidogo ya mji. Nilikwenda Ijumaa, nimebeba wali na maharagwe kwenye bakuli la bati lenye kifuniko. Afande wa mlango alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, ana mvi, msalaba mdogo umefungwa shingoni kwa uzi. Nikamwambia nataka kumwona fundi wa maandishi.

"Kwa nini?"

"Mimi ni mke wake."

Alinitazama muda mrefu hata nikaona haya. "Fundi hana mke," akasema.

"Anaye. Amesimama mbele yako."

"Kuona hapana ruhusa."

"Basi mpe chakula."

Alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Nililiona hilo nikalishangaa, kwa sababu askari wa siku zile walikuwa wakipokea vitu vyetu kwa mkono mmoja, na mara nyingi hawakungoja kupewa. Baada ya muda akalirudisha tupu, limeoshwa. Nilirudi Malukhu nikiimba, na dada yangu hakutaja uchovu tena.

Nilikwenda kila Ijumaa, wiki nane. Sikuruhusiwa kumwona, na sikulazimisha, kwa kuwa niliogopa nikilazimisha watamhamisha. Wiki ya tatu nikamwambia afande, "Mwambie aniandikie K, nijue ni yeye." Akarudi wiki ya nne na kipande cha boksi la sigara, na K iko juu yake, na upenyo uko pale pale. Mstari mwembamba ulikuwa unatetemeka kidogo. Nikasema, mkono umedhoofu, maskini. Kipande kile nilikiweka ndani ya mto wangu.

Wiki ya sita dada alipika malewa, vile vichipukizi vya mianzi wanavyovipenda Wagisu, kwa karanga, akanijazia bakuli bila kuniuliza. Mume wangu hakuwa mtu wa kula malewa. Harufu yake tu ilimtoa mezani. Nilikwenda nayo kwa kukosa kingine, na bakuli likarudi limepanguswa hadi mwisho.

"Jela imemfundisha kula," nikamwambia dada.

Dada aliendelea kusukuma chapati. "Mdogo wangu, hajakuuliza mama hajambo? Hajakuuliza nyumba ya Mafubira iko vipi? Mwanaume gani anakula wiki sita na hasemi kitu?"

Nilimgombeza. Nilimwambia ana wivu, na maneno mengine ambayo nilimwomba radhi baadaye. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na usingizi ukanikimbia. Nikaanza kuogopa kwamba hasemi kwa sababu anajua. Kwamba huko ndani amekaa miaka akifikiria zile nguzo ukutani, akajua ni nani aliyeziacha uchi.

Kwa hiyo wiki ya nane nilifika mlangoni nikasema yote kabla ya kumpa afande bakuli. "Mpelekee neno moja. Mwambie rangi ya ile baa ya Jinja, niliichanganya mimi. Mafuta ya taa na masizi. Mistari myembamba ilioshwa na mvua kwa sababu yangu. Kama hataki kuniona, nitaelewa."

Afande hakunyoosha mikono. Uso wake ulibadilika, akawa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali ambapo hajulikani. Alinionyesha benchi la wageni, nikaketi, naye akachuchumaa mbele yangu, mzee mzima, bunduki ameiegemeza ukutani.

"Mama," akasema, "hii chakula nakula mimi."

Sikuelewa.

"Fundi alikufa. Mbele ya vita kufika. Ile maandishi naandika mimi. Yeye nafundisha mimi."

Nilimpiga kofi. Askari, mlangoni pa gereza, mchana kweupe. Hakusogea. Nikampiga la pili, na mkono wangu ukaanza kuuma, nikaacha.

Akanisimulia kwa Kiswahili chake cha kambini, polepole. Mume wangu aliletwa toka Jinja akawekwa kwenye chumba ambacho yeye afande alikilinda. Kulikuwa na kipande cha mkaa. Mume wangu aliandika sakafuni ili asipotewe na kazi, na afande akatazama kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama, kisha akaomba afundishwe. Alifundishwa mistari yote miwili, minene kwa ubavu wa mkaa, myembamba kwa ncha. "Lakini hii nyembamba alisema siyo yake. Alisema, mimi naazima tu, mwenyewe iko. Mimi nauliza mwenyewe nani, yeye nanyamaza."

"Walimpiga?"

"Mama, acha hiyo."

"Walimpiga?"

Alitazama chini. "Ile afisa natoka Jinja, nakuja yeye mwenyewe. Nauliza neno moja tu. Hii nyembamba nani alifanya? Kila siku anakuja, hiyo hiyo. Na fundi, kila siku, hiyo hiyo: mimi peke yangu. Sina mtu. Sina mke. Siku ile wewe nafika hapa, nasema mke wake, mimi nashindwa. Nikasema, basi alidanganya mpaka mwisho. Nilitaka kukuambia. Mdomo ilikataa. Halafu wewe naleta chakula, na mdomo inakataa tena."

Hapo ndipo nilipojua jibu ambalo injini ya gari ilinizuia kusikia. Miaka yote nilidhani siku ile hakujua. Alijua. Fundi gani asiyejua rangi yake imeoshwa wapi na kwa nini? Alijua siku ile ile, amesimama mbele ya nyumba, mimi nimechuchumaa nyuma. Nililia kwa sauti mpaka wafungwa waliokuwa wakilima nje wakasimama na majembe.

Afande alikuwa na la kuongeza. Mume wangu alipoona hatapona, alimfundisha somo la pili, namna ya kumwosha maiti wa Kiislamu, kwa kuwa mle ndani hakukuwa na Mwislamu mwingine. Alimrudisha mara tatu mpaka akakariri. "Mimi Mkristo, mama. Nilifanya kama alivyosema. Nilikosea mara moja, nilianza na kushoto. Nikamwomba samahani, nikaanza tena na kulia."

Nilimwambia hakukosea.

Nilipoinuka kuondoka akanizuia. "Iko kitu moja mimi sijui. Kwa chumba yake, ukutani, aliweka nguzo. Nikauliza hii nini, akasema nahesabu siku. Lakini siku haina nene namna ile. Baadaye walipaka chokaa. Wewe iko fundi. Angalia."

Chumba kile siku hizo kilikuwa kimewekwa mifuko ya chokaa na majembe yaliyovunjika. Niliingia Jumatatu, asubuhi, na mkuu wa zamu aliambiwa kwamba mama huyu amekuja kupima ukuta wa kuandika. Nilibeba brashi yangu ya manyoya ya mbuzi na kopo dogo la rangi nyeusi niliyoipata kwa taabu. Ukuta ulikuwa mweupe, hauna kitu. Nilimwambia afande alete ndoo ya maji. Nikachota kwa kiganja nikaurushia ukuta, tena na tena, kama unavyomwagia uwanja maji kabla ya kufagia.

Chokaa ikilowa haifichi. Tulisimama tukingoja. Ikapanda nguzo ya kwanza, ya kijivu, kisha nyeusi. Ikapanda ya pili kando yake. Halafu zote, safu moja kwa urefu wa kifua cha mtu aliyeketi, mkaa uliopigwa kwa ubavu, kwa mkono nilioujua kuliko wangu. Afande alijikunja akafanya ishara ya msalaba.

"Unaona? Nguzo tu."

Mtu mwingine yeyote angeona nguzo tu. Afisa alikuja humo kila siku akaona nguzo tu, akasimama pengine shati lake limeugusa ukuta ule, anauliza nani, nani, na jibu liko mgongoni kwake. Mimi nilisoma toka mlangoni. Nilijua kila uzi uliokosekana ulipaswa kupita wapi, kwa sababu nyuzi zile hazikuwa zimepigwa na mtu mwingine duniani. Aliandika jina langu, akaacha sehemu yangu.

Nilipiga magoti. Ukuta ulikuwa unaanza kukauka, na nguzo za pembeni zilikuwa zinarudi ndani, kwa hiyo sikuwa na muda wa kulia. Nilifungua kopo. Rangi ilikuwa nzito, na sikuizimua na kitu. Nilipiga mstari wa kwanza toka juu kushuka chini, nikapiga wa pili. Nilipofika kwenye K niliacha upenyo.

Afande aliinama nyuma yangu akaanza kusoma, herufi moja moja, kama alivyofundishwa. Alipofika mwisho akalirudia jina lote kwa pamoja. Halikuwa jina alilowahi kulisikia. Wiki nane aliniita mama tu.

"Huyu nani?" akauliza.

"Andika jibu kwenye kitabu cha gereza, afande, kama bado kipo," nikasema. "Mimi ndiye niliyepiga ile myembamba."